Muzna na Swali la Mistari Saba

Muzna binti Hilali akiletewa maktaba mpya hasomi sifa zake. Huenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa malalamiko ya watumiaji, akajimiminia kahawa, akakunja mguu mmoja juu ya kiti, na kuanza na lalamiko la zamani kuliko yote. Mimi ninayesimulia naitwa Yaarub. Nimekaa naye meza kwa meza miaka sita hapa Nizwa, katika ofisi yetu ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na nimeshamwona akicheka peke yake mpaka machozi kwa ugomvi wa watu wawili wa nchi za mbali waliotukanana miaka minane iliyopita na wala hawajapatanishwa hadi leo.

Maktaba ninazozisema si za vitabu. Ni kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine. Unaichukua na kuitia katika programu yako ili usianze kila kitu tangu mwanzo. Programu zetu nyingi zina hifadhidata nyuma yake, ghala la taarifa, na programu ikitaka kujua jambo lazima iliulize ghala swali. Swali hilo lina lugha yake na adabu zake. Kuna maktaba zinazokutungia swali lenyewe, wewe usilione kabisa, na kuna zinazokuachia uliandike kwa mkono wako, zenyewe zikalipeleka tu na kukurudishia jibu. Watu wa kazi yetu hugombana juu ya jambo hili kama wengine wanavyogombana juu ya mpira.

Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza, na nilikuwa na mdomo. Muzna hakuwa na kundi. Yeye alikuwa na subira, na subira yake ilinikera kuliko nzi wa mwezi wa tende.

Nikikuelezea alikotoka utaelewa. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa dalali wa mbuzi katika soko la Ijumaa. Alfajiri wanunuzi hukaa duara, wauzaji wakawazungusha mbuzi mbele yao huku wakipiga kelele za bei, na mtu akipendezwa humdaka mbuzi mguu na kumvuta. Muzna alikuwa msichana wa miaka saba, nywele zimesukwa, kazi yake kumshika mbuzi taya ili baba aangalie meno. Mzee alikuwa na maswali matatu, hayakupungua wala kuongezeka: ana umri gani, alikuwa kwa nani, na kwa nini anauzwa. Muzna amekuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, ana mabinti wawili na mume mwalimu wa hesabu, na maktaba za kompyuta anaziuliza maswali yale yale.

Halafu kuna mambo ya Maskati. Alifanya kazi kule mji mkuu miaka tisa katika kampuni moja kubwa, wakachagua maktaba iliyokuwa ikipendwa na dunia nzima. Mtu aliyeiandika akachoka. Hakugombana na mtu, alichoka tu, akabandika tangazo la mistari miwili na kufunga mlango. Muzna na wenzake wakakaa mwaka mzima na nusu kuing'oa, jino baada ya jino.

"Nilikosa harusi ya mdogo wangu," aliniambia siku moja, bila kuinua macho kwenye skrini. "Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Nimeiona kwenye simu. Mpaka leo inaniuma."

Ndiyo sababu akarudi Nizwa, kwa Bosi Khalfan, mtu mwenye tumbo na huruma, anayetuita wanangu ingawa anatuzidi miaka kumi tu.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Siku Arifu Humud alipopanda ngazi zetu, simu zake mbili zilikuwa zinalia kwa pamoja. Yeye ndiye mgawaji wa zamu za maji katika mfereji wa Musaifia, kijiji cha mama yangu, mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Zamani alikuwa dereva wa lori la maji, na sauti yake haijashuka bado kutoka kwenye lori. Alizima simu zote mbili, akaweka mezani daftari kubwa lenye jalada la ngozi lililopauka, na kukaa juu ya kiti changu.

"Salaam aleikum. Nani fundi hapa?"

"Sote mafundi, ami," nikasema.

"Basi nifanyieni hisani, kabla sijawa mwendawazimu. Watu mia na arobaini wana maji katika mfereji wangu, na wote wana simu. Zamani mtu alijua zamu yake kama anavyojua jina la mama yake. Siku hizi wamesoma, hawajui kitu. Arifu, maji yangu saa ngapi? Niko msikitini: Arifu, maji yangu saa ngapi? Niko msalani, nakuapia kwa Mungu, msalani! Arifu, maji yangu saa ngapi?"

Muzna alikuwa ameshafungua daftari. "Kwa hiyo unataka simu zao ziwaambie zenyewe."

"Namtaka kila mtu apate ujumbe robo saa kabla, na mwingine maji yakianza. Na mimi nikae kwa amani nile tende zangu. Mwezi wa sita mosi, kabla joto halijawa la kuua. Inawezekana?"

"Inawezekana," nikajibu mimi kabla Muzna hajafungua kinywa.

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Mama yangu, Bi Azza binti Seif, ana nusu saa ya maji katika mfereji ule. Nusu saa moja kwa wiki, basi, aliyorithi kwa baba yake. Kwa nusu saa hiyo anaishi na mitende kumi na mmoja na mindimu minne. Mwezi wa sita, tende zikiwa zinageuka rangi, ukikosa zamu moja umekaa siku kumi na nne bila tone, na kabla hazijatimia ndimu zimeshaanguka chini, ndogo kama punje za dengu. Mama alikuwa ameanza kusahausahau. Mara mbili majira ya baridi alikwenda shambani amechelewa. Nilitaka simu yake imwite, na nilitaka niwe mimi niliyeifanya imwite.

Bosi Khalfan akatugawia kazi: Muzna achague maktaba ya kuulizia ghala, maana itatumika pia katika kazi zote zitakazofuata, nami nijenge juu yake. Akampa wiki moja.

Wiki ikapita, Muzna yuko kwenye malalamiko ya mwaka wa tatu.

Zilikuwa zimebaki maktaba mbili, na majina yake halisi nayaacha, kwani zote mbili ni kazi za watu waungwana. Sisi ofisini tuliziita kwa majina yetu. Ile kubwa, inayotumiwa na maelfu, yenye mapambo na inayokutungia kila swali, tuliiita Bwana Harusi. Ile ndogo, inayokutaka uandike swali mwenyewe katika faili lake na haikusaidii ila kulihakiki na kulipeleka, tuliiita Mkavu. Mkavu ilikuwa kazi ya watu wanne tu. Muzna alishajua mmoja wao ana mtoto mchanga, kwa sababu majibu yake siku hizo yalikuwa yakija alfajiri.

"Muzna, mwanangu," Bosi Khalfan akamwambia, amesimama mlangoni na sahani ya halua, "tunachagua maktaba. Hatuchagui mume."

"Mume nilimchagua kwa siku kumi, bosi. Hakuwa na malalamiko ya miaka minane."

"Usimwulize Yaarub. Yaarub angeoa kwenye foleni ya benki," Bosi akasema.

"Na ningekuwa na raha zangu!" nikasema. "Hebu tazama, dada, Bwana Harusi ina watu wangapi. Elfu na elfu. Wote hao wajinga?"

"Sijasema wajinga." Akachukua kipande cha halua kwa vidole viwili. "Nauliza tu, wakikosea, wanajuaje?"

Nikaona hilo ni swali la mtu asiyetaka kumaliza. Sikungoja. Nikajifungia siku mbili na Bwana Harusi, nikayaingiza majina yote ya daftari la Arifu, ukurasa kwa ukurasa, kurasa saba kwa siku saba. Ilikuwa raha tupu. Nilikuwa nataja ninachotaka, maktaba yenyewe inajua la kufanya. Sikuandika swali hata moja. Jumatatu asubuhi nikaweka simu ya Bosi mezani na simu yangu, nikajifanya mwenye zamu ya saa nne, na robo saa kabla simu ikalia. Nikajifanya mwenye zamu ya saa tano. Ikalia. Bosi akapiga makofi. Nikampigia mama papo hapo.

"Mama, wiki ijayo simu yako itakuita yenyewe."

"Itaniita nani?"

"Mimi, mama. Programu yangu."

"Mwenyezi Mungu akupe, mwanangu," akasema. Nilijisikia mrefu kama mnara.

Muzna hakupiga makofi. Wala hakukasirika, maana hana tabia hiyo. Alivuta kiti chake mpaka kwangu, na chupa ya kahawa mkononi.

"Nzuri," akasema. "Imekwenda haraka. Hebu nionyeshe swali."

"Swali gani?"

"Swali inalouliza. Programu yako inapotaka kujua nani ana maji leo, inaliambia ghala maneno gani?"

"Sijui, dada. Ndiyo uzuri wake, sina haja ya kujua."

"Nionyeshe tu."

Nikaiamrisha Bwana Harusi itoe nje kilichomo. Likamwagika swali la mistari arobaini na tatu, lina majina ya kujitungia yenye tarakimu mkiani, mabano ndani ya mabano. Nilijikuna kidevu. Muzna alilisoma lote, polepole, midomo ikicheza.

"Umelielewa?" nikamwuliza.

"Nusu. Wewe?"

"Linafanya kazi."

"Hilo nimeliona," akasema, akanimiminia kahawa. "Mimi nataka Arifu alisome."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Arifu Humud! Mtu anayepiga picha skrini ya simu moja kwa simu nyingine ili atume. Nikamwambia amekwisha, jua limemwingia kichwani, awapeleke na mbuzi pia walisome. Akaniacha nimalize.

"Ghala ni la nani, Yaarub? Maji ni ya nani? Tunaliuliza swali kwa niaba yake. Kama hawezi kusikia tunauliza nini, atajuaje kama tumeuliza sawa?"

Nikamwambia ana ukaidi. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Siku ya pili yake akaandika lile lile kwa Mkavu. Lilimchukua asubuhi nzima, kwa sababu aliandika, akafuta, akaandika tena mpaka likabaki na mistari saba. Akayapa makabati ya ghala majina ya kawaida: zamu, mwenye maji, siku, nafasi. Akalichapa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, tukapanda gari lake jeupe kwenda Musaifia. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kutazama kichekesho.

Tulimkuta Arifu amekaa kwenye ukingo wa mfereji, miguu majini, kanzu ameikunja magotini. Akatukaribisha tende na kahawa kwanza, akauliza habari za watu wetu mmoja mmoja, ndipo akaikodolea macho ile karatasi na kuirudisha.

"Kizungu hiki. Nisomee."

Muzna akakaa juu ya jiwe mkabala naye na kusoma, mstari baada ya mstari, akiyageuza yawe maneno ya watu. "Nipe jina la mwenye maji."

"Ehe."

"Na nambari ya simu yake."

"Ehe. Wengine wana mbili, lakini ehe."

"Katika daftari la zamu."

"Bismillahi, ehe."

"Ambaye siku yake katika daftari ni siku ya leo."

Arifu alikuwa ameshainua mkono kuchukua tende. Mkono ukabaki hewani. "Leo inayoanza lini?"

"Leo," Muzna akasema. "Leo Jumanne."

"Ndiyo, binti, leo Jumanne. Nimeamka nayo. Nakuuliza, hiyo kompyuta yako, leo yake inaanza lini?"

Nilimtazama Muzna. Muzna aliitazama karatasi. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita niliona uso wake umepotewa na rangi.

"Saa sita ya usiku," akasema taratibu.

"Saa sita ya usiku kunatokea nini?" Arifu akauliza, na hakuwa anafanya mzaha, alitaka kujua kweli. "Jua limezama zamani. Watu wamelala. Nani anaanza siku saa sita ya usiku?"

Hapo ndipo nilipopata akili, na naomba niseme ilivyokuwa bila kujipaka mafuta. Sisi wote watatu tumezaliwa hapa. Jua likizama Alhamisi, sote tunajua usiku wa Ijumaa umeingia. Mwezi wa Ramadhani ukionekana jioni, tarawehe ni jioni ile ile. Hakuna anayetufundisha, tumenyonya. Na daftari la Arifu limeandikwa hivyo hivyo: kila ukurasa huanza juu na nusu saa ya kwanza baada ya Magharibi, na kuisha chini na nusu saa ya mwisho kabla ya Magharibi nyingine. Lakini tukikaa mbele ya kompyuta tunavua siku yetu kama tunavyovua viatu mlangoni, tunavaa ya ofisi, na hatukumbuki kwamba tumebadili. Muzna alikuwa amefanya hivyo. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo siku mbili nzima, kurasa saba, majina mia na arobaini. Nilijaribu zamu ya saa nne na zamu ya saa tano za mchana, na mchana siku zote mbili zinakubaliana.

"Bi Azza," Arifu akasema, akinigeukia. "Mama yako. Yuko ukurasa gani?"

Sikuwa na haja ya kufungua daftari. "Jumatano. Mstari wa kwanza."

"Na maji huyafungua lini?"

"Jumanne," nikasema. "Jumanne, Magharibi ikisha kuswaliwa."

Utoto wangu wote, tangu nikiwa na miaka sita, nilimbebea taa mama yangu kila Jumanne. Halafu nikakaa ofisini, nikaandika Jumatano kwa vidole hivi hivi, wala havikushituka. Programu yangu ingemwita siku moja baadaye. Angetoka na jembe lake Jumatano jioni, afike akute maji ni ya Salum bin Mabruk, ambaye hana ubaya lakini hana pia nusu saa ya kugawa. Na mama, kwa vile alishaanza kuogopa kusahau kwake, asingelaumu simu. Angejilaumu mwenyewe. Hilo ndilo lililonikata maini. Niliona haya pale kwenye ukingo, nikainama nikanawa uso kwa maji ya mfereji ili nisitazamwe.

"Si yeye peke yake," Muzna alikuwa akisema, kidole kikishuka kwenye daftari. "Wote wa kuanzia Magharibi mpaka saa sita. Siku zote saba."

"Wangeuana," Arifu akasema kwa utulivu, akatia tende mdomoni. "Haya, endelea. Mstari wa tano unasemaje?"

Alimsomea yote. Arifu alikosoa na wa sita: mtu akifa, maji hayasimami, huenda kwa warithi wake wote chini ya jina moja mpaka wagawane, kwa hiyo simu ziwe nyingi kwa zamu moja. Muzna akaandika pembeni kwa penseli.

Njiani kurudi ndipo nikamwambia, "Umeshinda, dada. Hongera."

"Nimeshinda nini? Na mimi nimekosea. Mstari wa nne niliuandika mwenyewe, kwa mkono wangu, nikauona mzuri."

"Lakini Mkavu..."

"Mkavu haijui jua linazama lini, Yaarub. Wala Bwana Harusi haina kosa. Ungeiambia siku inaanza Magharibi, ingekusikia." Akapunguza mwendo, kundi la mbuzi lilikuwa linavuka. "Mimi nachagua mahali ambapo kosa langu litasikika. Kwa sababu nitakosea tu. Kule Maskati tulikosea vile vile, ila hakuna aliyesikia mpaka tumechelewa."

Jioni ile aliandika ripoti yake kwa Bosi Khalfan, nusu ukurasa. Aliandika kwamba kwa kazi kubwa zenye mambo ya kawaida, na pale ambapo hakuna mtu wa kusomewa, Bwana Harusi itafaa na Yaarub anaijua vizuri. Kwa kazi ambazo maswali yake ni ya watu wengine, tutatumia Mkavu, na kila swali lisomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla halijaanza kutumika. Bosi akasoma, akauliza kama tumekubaliana. Nikasema tumekubaliana. Akashangaa, akaniuliza kama naumwa.

Tulikesha? Hapana. Muzna huondoka ofisini saa tisa unusu na hajawahi kuongeza dakika. Tulimaliza siku mbili kabla ya tarehe.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa sita nilikuwa shambani kwa mama. Nilikuwa nimeswali haraka, Mungu anisamehe. Mama alikuwa amesimama kwenye kizuizi, pale mfereji mkuu unapoachana na wetu, jembe begani, na simu ameifunga kwenye ncha ya mtandio kama sarafu. Ikalia. Akalihangaikia fundo, akalifungua, akanipa simu.

"Nisomee. Miwani nimeacha."

"Bi Azza binti Seif, maji yako yanaanza sasa."

"Tena."

Nikamsomea tena. Akainama, akavuta jiwe na matambara yake, na maji yakaingia kwetu kwa ile sauti yake, yakateremka kwenye mitende. Alikuwa anatabasamu katika gizagiza lile. Ningeweza kunyamaza hapo nikala sifa zangu. Lakini nilikuwa nimeshazibeba siku nane na zilikuwa nzito.

"Mama, si yangu hii. Yangu niliitupa. Yangu ingekuita kesho."

Akageuka. "Kesho maji ya Salum."

"Najua."

"Nani kaandika hii?"

"Muzna. Binti wa marehemu Hilali, dalali."

Mama akanikabidhi jembe. "Vua viatu," akasema. "Mndimu wa mwisho maji hayaufikii vizuri. Na wewe umekuja kusimama tu?"

Mwisho wa mwezi ndimu zikawa tayari, akajaza kikapu na kuniambia nimpelekee Muzna, cha kwanza kabla ya jirani na kabla ya msikiti. Nikakiweka juu ya meza yake, juu ya malalamiko yake. Hakushukuru kwanza. Alichukua ndimu moja, akaipima kiganjani, akaikwaruza ngozi kwa ukucha na kuinusa, kisha akaniangalia kwa jicho lile la soko la Ijumaa.

"Mti una umri gani?"

"Thelathini na nne. Babu aliupanda mwaka niliozaliwa."

"Na kwa nini mama yako ananipa mimi matunda yake ya kwanza?"

"Kwa sababu," nikasema, "miaka yote hiyo haujakosa zamu hata moja, na kwa programu yangu ungekosa."